Ukuta wa Upande wa Magharibi

Mtua, Nachingwea
11 Juni 2023

Mdogo wangu Mbaruku,

Assalaam aleikum. Sisi huku tuko wazima, ila ni uzima wa kizee. Ufuta umetoka wastani maana mvua ilikatika mapema, lakini mbaazi zimejaa maua, tunamshukuru Mungu. Mwanangu wa Masasi amejifungua mtoto wa kike na wamempa jina la mama yetu. Mpangaji wangu wa chumba cha uani, Mwalimu Laurencia, yule aliyeletwa na serikali kutoka Bukoba, anakusalimu. Siku hizi anakula ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na kuidai kama mzaliwa wa hapa. Na wewe huko Likunja mnaendeleaje? Mguu wa wifi yangu Hadija umepungua uvimbe?

Masikio yangu ndiyo hivyo. La kushoto limefunga kabisa, la kulia nasikia kama mtu anasemea ndani ya mtungi. Ndiyo maana ukinipigia simu nasema "mimi mzima" halafu nakata. Usidhani ni kiburi. Na meseji herufi zake ni kama sisimizi. Karatasi ni bora, na Imrani wa gari la Ruangwa amekubali kutubebea bahasha.

Sasa neno lenyewe. Nyumba ya baba inapukutika. Lipu ya ukuta wa mbele imevimba kama andazi, ukiigusa linadondoka bamba zima na nyuma yake tofali za udongo zimelowa. Lipu hiyo uliipiga wewe mwaka 2004, mwaka aliofariki baba. Mimi nilikuwa Liwale nafundisha. Nilipofika mazikoni watu walikuwa wakiisifu nyumba hata kabla hawajanipa pole.

Nakuomba uje uitengeneze. Sitaki kuhangaika na mafundi wa barabarani wakati nina fundi wa tumbo moja. Na ukija, safari hii uingie ndani. Kila Idi unakaa barazani, unakunywa chai, unaaga, kama mtu aliyeleta kadi ya harusi.

Dada yako,
Hajra

*

Likunja, Ruangwa
2 Julai 2023

Dada Hajra, shikamoo.

Barua yako imefika siku mbili kabla ya Idi. Samahani sikuja kula nawe. Tuko kwenye kupulizia salfa mikorosho, na Hadija mguu bado unamsumbua, anatembelea fimbo. Mtoto wa Masasi tumemfurahia, Mungu amkuze.

Kuhusu kazi, dada, mimi siwezi. Mgongo umenikataa, nikiinama ndoo mbili tu siinuki. Tafuta fundi hapo hapo Nachingwea, ila nikuandikie mambo ya kumuuliza ili asikuchezee.

Kwanza asikupigie lipu mpya juu ya ile iliyovimba. Abomoe mpaka afike kwenye tofali, ukuta ukauke, ndipo atie chale ili lipu ishike. Mchanga uwe wa mtoni uliochekechwa. Uchukue konzi moja uikamue. Kiganja kikibaki na tope, mrudishie. Akishapiga amwagilie maji wiki nzima, asikuambie siku mbili zinatosha. Na kabla hujakubaliana naye, mwambie akuonyeshe nyumba aliyoitengeneza ikapita masika mawili. Usimuulize yeye kama ni nzuri. Muulize mwenye nyumba.

Jambo lingine. Kitanda chako kiko kwenye ukuta wa magharibi. Kihamishie upande wa mlango. Usingoje fundi.

Mdogo wako,
Mbaruku

*

Mtua
30 Julai 2023

Mbaruku mdogo wangu,

Marahaba. Pole na mgongo, mpe Hadija pole na mguu. Hapa baridi ya asubuhi imetuandama, nimetoa blanketi la marehemu mume wangu.

Nimefuata mashauri yako, nimewaita mafundi wawili. Wa kwanza Kipriani, anayejiita mkandarasi. Alikuja na pikipiki na tepu ya kupimia ambayo hakuifungua. "Mama, hii ni kazi ya siku nne," akasema. "Napiga juu kwa juu, unaita watu wanakula pilau." Nikamwuliza habari za kubomoa, akacheka, akazungumza huku amenipa kisogo, sikusikia hata neno.

Wa pili ni mwanamke, Dionisia, mtu wa upande wa Masasi, amesomea chuo cha ufundi. Huyu alinitazama usoni kila aliposema, na midomo yake naisoma vizuri. Alizunguka nyumba nzima akigonga kuta kwa kifundo cha kidole na kuweka alama za mkaa. Akanishika mkono, akaniwekea kiganja ukutani wakati anagonga, nikausikia uwazi kwa ngozi. Nilifurahi kama mtoto.

Ila alipofika chumbani kwangu akasimama muda mrefu mbele ya ukuta wako wa magharibi. Akapima unene wake pale dirishani. Akauliza, "Nani alipiga lipu hii?" Nikamwambia mdogo wangu. Akasema, "Lipu ya inchi tatu haipigwi bure," kisha akaingia kwenye habari nyingine.

Nieleze basi. Ukuta wa magharibi ndio mzuri kuliko zote, hauna hata mkwaruzo. Kwa nini nihamishe kitanda? Ni cha mninga, cha mama, kinataka watu wanne.

Dionisia ana kazi ya zahanati mpaka Novemba. Sijui nimngoje au vipi.

Hajra

*

Likunja
19 Agosti 2023

Dada, shikamoo.

Sisi wazima. Mikorosho imechanua vizuri.

Mngoje Dionisia. Kipriani muache aende zake na tepu yake. Na huyo mama akija, aanze na ukuta wa magharibi kabla ya huo wa mbele. Mwambie aufungue wote.

Hamisha kitanda, dada. Waite watu wanne, waite kumi. Usiniulize sababu kwenye karatasi.

Mbaruku

*

Mtua
22 Oktoba 2023

Mbaruku,

Marahaba. Korosho zimeanza kuanguka na watoto wa jirani wote vinywa vimechubuka kwa mabibo. Mwalimu Laurencia alipata homa lakini ameinuka. Mimi mzima.

Nyumba nimempa Kipriani. Najua utakasirika. Lakini mawingu yalianza kujikusanya mapema mwaka huu, na redio ya Laurencia inasema mvua zitakuwa kubwa. Ningekaa na ukuta wa mbele uko uchi mpaka Novemba nikingoja zahanati iishe? Kipriani amemaliza kwa siku tano, moja zaidi ya nne alizosema. Kwa mbali unapendeza. Kwa karibu nimeona nyufa nyembamba kama nywele, naye anasema ni kawaida, lipu "inapumua".

Ukuta wa magharibi hakuugusa. Alisema ni dhambi kubomoa kazi nzuri hivyo.

Nimesoma barua yako ya Agosti mara nyingi kuliko ilivyo na maneno. Nilikufundisha kuandika mimi, Mbaruku, ulipokuwa huwezi kutofautisha b na d. Kwa hiyo nikwambie kama mwalimu wako: aliye mbali anashauri, haamuru. Ungekuwa na jambo la kuniambia juu ya nyumba hii, gari la Imrani lina viti.

Habari za kitanda tuziache.

Hajra

*

Likunja
14 Januari 2024

Dada Hajra, shikamoo sana.

Hii ni barua ya tatu tangu Novemba, na sijapata jibu hata moja. Imrani anasema mara barabara imekatika, mara amefika lakini hukuwepo. Mvua zimetuzidi. Mto umekula kona ya shamba langu la chini, na mihogo imeozea ardhini. Hadija anatembea sasa bila fimbo, ndiyo furaha tuliyo nayo.

Kama umenikasirikia niandikie kwamba umenikasirikia. Andika hata mstari mmoja. Sema tu kama kitanda umekihamisha.

Mdogo wako,
Mbaruku

*

Mtua
18 Februari 2024

Ndugu yangu Mbaruku,

Nakusalimu. Usishangae mwandiko, ni wa Mwalimu Laurencia, mimi nasema yeye anaandika. Niliteleza kisimani nikaumia mkono wa kulia, si jambo kubwa, nimefungwa bandeji. Barua zako zote nilizipata, ni uvivu tu wa mvua. Mtoto wa Masasi ameanza kutambaa. Hadija mpe hongera ya mguu.

Nyumba ipo. Usiwe na wasiwasi.

Dada yako, Hajra

Kaka Mbaruku, ni mimi Laurencia. Dada yako amemaliza kusema na amelala mchana huu, nami naongeza bila ruhusa yake. Atajua, na atanifukuza chumba, lakini siwezi kuifunga bahasha hii ilivyo.

Hakuteleza kisimani. Jumamosi ya tarehe 27 Januari, saa tisa alasiri, ukuta wa magharibi wa chumba chake uliangukia ndani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akikunja nguo. Mimi nilikuwa uani nafua. Nilisikia ukuta ukilia, kwanza kama mtu anavunja kuni, halafu ukanyamaza, halafu tena. Nilipiga kelele, "Bibi, toka!" Nilipiga mpaka sauti ikanikauka. Yeye alikuwa akikunja nguo. Mtu mwenye masikio angekuwa na nafasi ya kutoka na hata kubeba mto wake.

Majirani walimfukua. Mkono umevunjika sehemu mbili, na mfupa wa bega. Alilazwa hospitali wiki mbili. Sasa analala chumbani kwangu.

Alitukataza wote kukuambia, hata Imrani. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Atadhani namlaumu." Nikamwambia, "Kwani humlaumu?" Akageuza uso asiione midomo yangu, na nina hakika alikuwa amenisikia.

*

Likunja
25 Februari 2024

Dada yangu Hajra,

Leo sianzi na habari za mvua. Laurencia usimfukuze. Nimekaa na barua yake siku tatu, na Hadija ndiye aliyenipa kalamu akasema, "Usipoandika leo, nitaandika mimi."

Ukuta ule niliujua.

Unakumbuka baba aliongeza kile chumba baadaye, sisi tukiwa wakubwa. Alikijenga juu ya shimo walilochimba udongo wa kufyatulia tofali. Walilifukia kwa takataka wakajenga juu yake. Mwaka 2004 niliporudi kutoka Mtwara kujifunza ufundi, msingi ulikuwa umetitia na ukuta wa magharibi ulikuwa na ufa wa kupitisha kiganja, kutoka chini mpaka kwenye paa. Baba alikuwa hawezi tena kusimama. Nilimwambia, "Baba, ukuta huu haufai lipu. Ubomolewe, tufukue shimo, tuanze upya."

Akaniuliza, "Itachukua muda gani?"

Nikasema, "Mpaka kiangazi kijacho."

Akasema, "Mimi kiangazi kijacho sina. Nataka nife kwenye nyumba iliyokamilika. Wewe si umesoma? Upoteze huo ufa."

Nikaupoteza. Niliujaza mifuko ya saruji iliyokunjwa, nikatandika waya wa kuku, nikapiga lipu nene, tabaka tatu. Nilipomaliza tukambeba baba na kitanda chake kuja kuuona. Akaupapasa. Mbele ya wazee wa msikiti akasema, "Mwanangu huyu ana mkono." Alikufa baada ya siku kumi na moja.

Ningekuambia siku ya maziko. Lakini watu walikuwa wakiusifu, nami nilikuwa fundi mpya, nikatoka pale na kazi za nyumba tatu. Nikajiambia nitarudi niurekebishe kimya kimya. Ukasimama mwaka, ukasimama kumi. Kila mwaka ukuta uliposimama, ikawa vigumu zaidi kusema.

Halafu ukastaafu ukarudi. Kitanda cha mninga tulikibeba mimi na watu watatu. Ukasema, "Kiwekeni ukuta wa dirisha, nipate upepo." Nikakiweka, dada. Kwa mikono hii. Nikainuka, nikanywa maji, nikaaga, na sijaingia tena ndani ya nyumba ile.

Mgongo wangu hauna kitu. Nabeba ndoo mbili mpaka leo.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Naomba ruhusa ya kuja. Ukisema hapana nitajua nimesikia neno la haki.

Mbaruku

*

Mtua
20 Machi 2024

Mbaruku,

Naandika kwa mkono wa kushoto, vumilia. Tuko kwenye mfungo, ila mimi daktari amenikataza kufunga kwa ajili ya dawa, kwa hiyo nakula peke yangu mchana nikiona haya. Laurencia sikumfukuza.

Barua yako nilimpa Laurencia anisomee, nikamnyang'anya katikati, nikamalizia mwenyewe. Nilikasirika mpaka bega likauma. Kwa siku kadhaa nilikutungia majibu kichwani ambayo kwa bahati nzuri mkono huu hauwezi kuyaandika.

Kisha nikakumbuka kuwa hata mimi nina langu.

Niliposoma barua yako ya Julai nilijua kuna kitu ndani ya ukuta ule. Mimi si mjinga. Mtu hasemi kitanda kihamishwe bila sababu. Na Dionisia alipopima pale dirishani nilimwona uso. Ningeweza kuwaita majirani siku ileile. Sikuwaita kwa sababu nilitaka uje ukihamishe wewe. Nilijiambia, akiogopa kweli atakuja. Kila nilipolala pale nilikuwa nakungoja, nawe huko ulikuwa unaningoja mimi nitii. Tumekuwa tukivutana kamba, na kamba yenyewe ni ukuta.

Mkono wangu umevunjwa na watu wawili, Mbaruku. Mmoja ni mimi. Lakini usifurahi, sehemu yako ni kubwa zaidi.

Na baba pia ana yake, ila huyo tumwombee.

Dionisia amemaliza zahanati. Amekuja, ametoa kifusi, ameona mifuko yako ya saruji. Mvua zikiisha atafukua shimo lote, atajaza mawe, atajenga ukuta mpya kwa tofali za kuchoma na nguzo kila kona. Ule wa mbele wa Kipriani nao ataubomoa, umeshavimba tena. Anahitaji msaidizi anayejua kazi na asiyebishana.

Kama utakuja, njoo na nguo za kazi. Atakayesema hapa ni Dionisia. Ukijifanya fundi mkuu nitakurudisha na gari lilelile la Imrani.

Hajra

*

Mtua
28 Julai 2024

Mdogo wangu Mbaruku,

Natumaini ulifika salama na mbaazi alizokupa Laurencia hazikumwagika garini. Mkono wangu wa kulia umeanza kushika kalamu, kama unavyoona, ingawa vidole viwili bado vinatoroka. Hadija mwambie nimeipokea kanga yake, maneno yake nimeyaelewa.

Ulikaa hapa wiki tano na hatukuzungumza habari yenyewe hata mara moja. Nadhani tuliogopa. Mimi kuzungumza na mtu kunanitaka nimtazame usoni, na wewe kila nilipokutazama ulikuwa unatazama ndoo. Kwa hiyo nayasema hapa.

Siku uliyofika ulisimama barazani na begi lako kama kawaida. Niliona miguu yako haitaki. Sikukukaribisha makusudi. Nilitaka nione. Dionisia ndiye aliyekuita kutoka ndani, sikusikia alichosema lakini nilimwona anapunga mwiko, nawe ukavua viatu ukaingia. Ulipotoka nje ulikuwa umejaa vumbi hadi kope. Nilikwenda jikoni nikalia, halafu nikakupikia.

Nilikuwa nakuangalia shimoni. Ulichimba mpaka ukafika kwenye udongo mgumu, Dionisia akasema inatosha, ukaendelea futi moja zaidi. Akakuacha. Yule mama ana akili. Na siku aliyokukosoa mbele ya watu kwamba ukuta hauko wima kwa timazi, akakuambia uvunje mistari minne ya tofali uanze tena, ukasema, "Sawa, fundi," na ukavunja. Umri wako miaka hamsini na nane, na yeye hajafika arobaini. Baba alikusifu kwa mkono. Mimi siku ile nilikusifu kwa jambo jingine, ila sikukwambia.

Wazee wa msikiti walipopita wakasema, "Mbaruku, mbona unaharibu kazi yako nzuri?" nawe ukawajibu kitu. Laurencia ameniambia ulichowajibu. Ulisema, "Haikuwa nzuri. Niliificha." Mmoja wao akavua kofia akaanza kukupasia mawe.

Nimekusamehe, kama ulikuwa unangoja kusoma hivyo. Sikukusamehe siku moja. Ilikuwa kidogo kidogo, kama lipu inavyokauka, na bado kuna sehemu ukigusa ni mbichi. Ukija Idi usishangae nikikufokea bila sababu.

Dionisia anasema ukuta umwagiliwe mpaka Ijumaa. Namwagilia mwenyewe kwa kopo, kwa mkono ulio mzima.

Dada yako,
Hajra

*

Likunja, Ruangwa
1 Septemba 2024

Dada Hajra, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara moja tu na kuikunja, maana Hadija alikuwa ananitazama. Sisi wazima. Mikorosho inachanua na tumemaliza kupulizia.

Nina habari moja. Sijui kama utafurahi.

Zile nyumba tatu nilizopata siku ya maziko ya baba, mbili zilikuwa na kuta safi. Ya tatu ni ya Harithi, hapa hapa Likunja, karibu na ghala la korosho. Alikuwa na haraka, anaoa. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa, si mkubwa kama wetu, nami nilikuwa nimeshajua namna ya kuupoteza. Siku hizi watoto wake wanalala kwenye chumba kile. Tangu nirudi kutoka Mtua nilikuwa nazunguka njia nyingine ili nisipite mlangoni kwake.

Jumatatu nilikwenda. Nilimkuta anatengeneza bomba la kupulizia. Nikamwambia habari yote nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza kuuliza habari za watoto.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Na leo umejuaje, baada ya miaka yote hii?"

Nikasema, "Nilijua siku ileile."

Aliweka bomba chini. Nilidhani atanipiga, na ningesimama nipigwe. Miaka ishirini tunasali safu moja. Alinitazama, akatazama nyumba yake, akaniambia maneno mawili ambayo siwezi kuyaandika kwa dada yangu. Ni haki yake. Kisha akamwita mkewe, "Sabaha, toa watoto chumba cha nyuma. Toa kila kitu."

Tukaingia wote watatu. Tulitoa magodoro, sanduku, cherehani, gunia la mpunga. Sabaha alikuwa analia bila kutoa sauti, na kila alipopita karibu yangu alinipisha kama mtu anayepisha maji ya moto. Chumba kikabaki kitupu. Harithi akatoka nje, nikasikia anapekua stoo, nikajua sasa ananiletea panga.

Alirudi na sururu. Akanipa mpini.

"Anza," akasema.

Nimeanza, dada. Mikono imechubuka, ndiyo maana mwandiko ni mbaya.

Mdogo wako,
Mbaruku